Ua Linalotaka Baridi

4 Mei

Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe na baba. Sisi hatujambo kiasi.

Kifurushi kilifika jana na basi la mchana. Kondakta alikishika kwa ncha za vidole, akaniuliza nani kanitumia muhogo uliooza. Nikamwambia ni mzizi wa ua. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nimeupanda nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba chetu, ili Kifungo auone hata akiwa amelala. Unajua mwenyewe, tangu tumzike mtoto mwezi wa pili hajataka kitu. Ukimuuliza chai au uji, anajibu, "Chochote." Ndipo wiki ile niliyokuandikia akasema, "Nataka piyoni. Ile ya kwenye ngazi ya jiko la mama." Nilitoka nje nikasimama uani kwa furaha, na sikujua hata piyoni ni mboga au mnyama. Mimi ni mtu wa majokofu, udongo kwangu ni kitu cha kufuta kwenye viatu. Kwa hiyo nielekeze polepole, kama unamwelekeza mtoto.

Kifungo anaendelea vizuri. Anakula, analala. Shule ya chekechea imemruhusu apumzike mpaka atakapokuwa tayari. Anauliza utakuja lini. Amekupigia mara nyingi, simu haipatikani.

Msalimie sana baba.

Mkweo,
Fundi


15 Mei

Mkwe wangu,

Marahaba. Sisi wazima, tunashukuru.

Kwanza mzizi. Una macho mekundu, kama chunusi. Hayo yatazame juu. Udongo uyafunike pingili moja ya kidole, basi. Ukiuzamisha, utakupa majani miaka yote na ua hutaliona. Usiutie samadi mbichi. Usiumwagilie kila ukipita kama mtu anayesalimia. Na ukishashika mahali usiuhamishe. Piyoni ikihamishwa hununa, tena hununa muda mrefu kuliko wifi.

Pili, nikwambie ukweli mapema usije ukanilaumu. Hili ni ua la baridi. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba nyasi huamka zimeganda, na piyoni inalala chini ya udongo kama mzee aliyevuta blanketi. Isipolala hivyo, haichanui. Huko bondeni kwenu baridi yenyewe ni ya mtu aliyesahau kufunga dirisha. Majani mtapata. Ua, Mungu akipenda. Likija, utaliona: kubwa kama bakuli, petali juu ya petali, kama gauni la bibi harusi lililosokomezwa kwenye kikombe.

Kuhusu kuja, goti langu limevimba. Hata cherehani nakanyaga kwa mguu mmoja. Simu nimeizima kwa kuwa mlio wake unamsumbua baba yenu, basi tuandikiane hivi hivi kwa watu wa basi. Baba hajambo. Anawasalimu.

Mwambie Kifungo nimemaliza sare za shule ya msingi na lile kopo la vifungo alilokuwa akililalia kichwa, mpaka tukampa jina, bado lipo chini ya meza.

Mama yenu,
Mama Kifungo


22 Juni

Mama mkwe,

Shikamoo, na pole kwa goti.

Macho ya mzizi nimeyapanga upya kama ulivyoagiza. Kisha nikaenda kwenye kitalu cha miche kule barabara kuu kuuliza habari ya baridi. Mwenye kitalu akacheka. Akasema kukuza piyoni hapa ni kama kufuga samaki kwenye sahani. Ila akaongeza kwamba wapo watu wakaidi huweka barafu juu ya udongo, asubuhi na jioni, miezi yote ya baridi.

Sasa hapo alinigusa penyewe. Mama, mimi barafu ninayo. Kila friza ninayoitengeneza naijaribu kwa kugandisha maji, na barafu ile huwa naimwaga mtaroni. Siku hizi inakuja nyumbani kwenye ndoo. Majirani wananitazama kwa juu ya ukuta na kuulizana.

Jumatatu Kifungo alifungua dirisha.

"Unafanya nini?"

"Naudanganya mzizi. Nataka udhani uko kwa mama yako."

"Na ukigundua?"

"Utakuwa umeshalala."

Akatoa pumzi puani. Si kicheko hasa, lakini ni ndugu yake. Nilibaki pale na ndoo mpaka mikono ikafa ganzi.

Mama, goti likipata nafuu, hata kwa siku mbili, njoo. Nitakupokea stendi mwenyewe. Analitaja jina lako usingizini.

Mkweo,
Fundi


8 Julai

Mkwe wangu,

Marahaba. Barafu ni wazo zuri. Weka pembeni kidogo ya macho, si juu yake.

Kuja sitaweza. Goti bado.

Sasa kuhusu mwenzio. Mwambie asikae kitandani. Kitanda ni kama tope, kadiri unavyokaa ndivyo kinavyokuvuta. Arudi kwa watoto wake wa chekechea, wamlilie, wamchafue nguo, mwili utakumbuka. Mimi nilizika wawili kabla yake, na siku ya tatu nilikuwa kwenye cherehani. Hatukuwa na nafasi ya kuugua huzuni. Msomee maneno haya. Anajua nampenda.

Mama Kifungo


2 Agosti

Mama,

Shikamoo.

Nilimsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani, na hakugeuka tena siku ile wala kesho yake.

Niliandika kwamba anakula na analala. Nilikudanganya, nilikuwa naogopa kukutia hofu na huna pa kukimbilia. Ukweli ni kwamba anakula ninapomshikia kijiko. Nywele namwosha mimi, na sijui kuzisuka, nazifunga tu kwa kamba ya kiatu. Kwenye zahanati wamempa vidonge, anavimeza, anasema vinafanya dunia iwe mbali. Mimi najua kusikiliza kompresa ya friji nikakuambia imekufa wapi. Kwake naweka sikio, sisikii kitu.

Na hilo lingine nitalisema, unisamehe kwa kuwa wewe ni mkwe na mimi nina adabu yangu. Mchuuzi wa viazi anayetoka kwenu alipita karakana kuchukua friji lake. Alisema, "Mama mkwe wako ana nguvu, nilimwona wiki jana anakimbia barabarani, peku, hata mbwa hakumfikia."

Goti gani hilo, mama? Kama hutaki kuja kwenye nyumba ya msiba wa mwanao, sema. Nitajua la kumwambia. Lakini usinifanye niendelee kumwambia goti, goti, goti.

Fundi


11 Agosti

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, maana nikikaa baba yenu hutoka.

Ni kweli nilikuwa nakimbia. Nilikuwa namkimbiza yeye. Alikuwa anaelekea darajani na pajama, anasema anachelewa kazini, na kazi alistaafu Kifungo akiwa bado darasani.

Ilianza kidogo kidogo. Miwani kwenye sufuria. Kisha akaanza kuniuliza kwa heshima, "Mama, mwenye nyumba hii yuko wapi?" Simu ikilia anaitafuta kwenye kuta, analia, ndiyo maana nimeizima. Usiku nimefunga kamba kutoka mkononi mwangu mpaka mkononi mwake. Jirani alijitolea kukaa naye nusu siku nije huko kwenu. Nilikuwa sijafika hata stendi, akanikimbilia kutoka nyuma na uvimbe kwenye paji la uso, baba yenu kampiga na kifuniko cha sufuria akidhani ni mwizi. Mtu ambaye hajawahi kuchinja hata kuku.

Na piyoni usidhani nimekugawia kipande tu na nyingine imebaki. Mwezi wa nne nilimkuta ameifukua yote, anaosha mizizi kwenye beseni na kuimenya. Alisema, "Mke wangu anapenda viazi." Nikakuta kipande kimoja bado kina macho. Ndicho nilichokutumia. Hapa kwenye ngazi hakuna kitu.

Nikimwacha, atapotea. Nikija naye, atapotea huko, kwenye magari. Nikikaa, mwanangu anageukia ukuta. Wewe unayejua kutengeneza vitu, niambie nianzie wapi.

Yale ya cherehani nilisema ni kweli, ila sikusema yote. Siku ile ya tatu nilishona sare, na mikono ya mashati yote nikaishona upande mmoja. Mume wangu ndiye aliyekaa kufumua, shati moja moja, bila kunikemea.

Kifungo usimwambie habari za baba yake. Ana mzigo wake. Niahidi.

Mama


9 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nilichoandika kile sina uso wa kukirudia. Nisamehe. Nimekuahidi, sitamwambia.

Lakini leo nina habari. Piyoni ina tumba. Moja. Majani yalichomoza mwishoni mwa mwezi uliopita, mekundu kama vidole vya mtoto, na mimi nikasema moyoni, majani tuliahidiwa, tushukuru. Jumamosi nikiwa nafuta ndoo, nikasikia mlango wa nyuma. Kifungo ametoka, mama. Na khanga na soksi zangu. Akachuchumaa.

"Hii nini?"

"Iko wapi?"

"Hii hapa. Kama njegere."

Tangu siku hiyo anatoka kila asubuhi kabla yangu. Jana alioga mwenyewe. Leo asubuhi aliniambia chai yangu ina sukari nyingi, amekuwa anainywa hivyo miezi yote hakutaka kunivunja moyo. Nilikwenda kazini nikafungua mashine ya mtu nikasahau nilichoifungulia.

Njegere imekuwa harage. Niambie cha kufanya. Chochote.

Fundi


16 Septemba

Mwanangu,

Nimeisoma kwa sauti. Baba yenu akapiga makofi, hajui kwa nini.

Maji shinani, si kwenye majani. Jua la mchana mlitilie kivuli, hata shuka la zamani juu ya miti miwili. Sisimizi wakija waacheni, wanafuata utamu wake tu. Msiliguse.

Na wewe nikuonye kama mama: mtu haegemezwi kwenye tumba la ua. Najua umeshamwegemeza. Hata mimi nimeegemea. Ila nimesema.

Mama


27 Septemba

Mama,

Yuko kwako? Kama yuko kwako, nitumie neno kwa mtu yeyote, kwa dereva yeyote. Washa simu japo usiku mmoja.

Joto lilikuja ghafla. Sijawahi kuona joto kama lile mwezi huu. Nilitundika shuka, nikaleta barafu zaidi, nikaweka hata feni kwa waya mrefu kutoka dirishani, watu wakaja kuchungulia. Kila jioni tumba lilikuwa jepesi zaidi. Likawa la kahawia. Siku ya mwisho Kifungo alilishika kwa vidole viwili likatoka lenyewe, kama kifungo kilicholegea uzi. Ndani lilikuwa kavu, petali zote zimo, zimekunjwa vizuri, zimekufa.

Alisema, "Hili nalo."

Basi. Hakulia. Nikaona anaondoka tena, amekaa mbele yangu lakini anaondoka. Kisha akasema, "Na mama hakutaka kuja." Alisema hivyo bila hasira, kama anayesema mvua hainyeshi. Nikashindwa. Nilimwambia, mama. Darajani, kamba, viazi, yote. Ahadi niliyokupa imevunjika na sina cha kujitetea, nilikuwa natafuta chochote cha kumshikia.

Aliniuliza, "Baba anakula?"

Nikasema sijui.

Asubuhi nilikwenda kazini. Niliporudi nilikuta shimo chini ya dirisha, koleo limesafishwa na kurudishwa mahali pake. Ndoo yangu ya barafu haipo. Kitanda kimetandikwa. Nimezunguka stendi, zahanati, shuleni kwake. Mkata tiketi anasema alimwona mwanamke mwenye ndoo lakini hakumbuki basi gani.

Nimekaa mlangoni. Sijui hata nisimame vipi.

Fundi


29 Septemba

Mwanangu,

Yuko hapa. Vuta pumzi, kisha uendelee kusoma.

Alishuka na ndoo mapajani, majani yamelala kama nguo iliyoloa. Nilimwambia, mwanangu, piyoni yenye majani haing'olewi, umeiua. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu azike. Nimeyatafuta tangu hapo nikayameze, hayarudi.

Tumeipanda kwenye ngazi. Analala sana. Amekonda, na mimi ameniona nilivyokonda. Usije kwanza, anaomba. Amesema atakuandikia mwenyewe.

Nilikuwa na mmoja wa kufungia kamba, sasa ninao wawili na mikono ni ile ile. Lakini namsikia anapumua chumba cha pili. Siwezi kukudanganya kwamba sikushukuru.

Mama


14 Oktoba

Baba wa mwanetu,

Nimekuita hivyo kwa sababu hakuna aliyekuita hivyo, nami pia sikukuita.

Nisamehe kwa shimo, na kwa ndoo. Sikuondoka kwa sababu ya kitu ulichofanya. Ulifanya kila kitu. Nilikuwa nalala pale nakutazama unafanya kila kitu, na kila ukifanya kimoja nilijiona nina deni la kupona. Mimi si friza. Nilitaka kukuambia siku nyingi, lakini ulikuwa umebeba barafu.

Baba hanijui. Nilikuwa nimejiandaa, lakini hakuna kujiandaa. Alinifungulia mlango akasema, "Karibu dada, fundi wa nguo yupo ndani." Mama akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo mimi ni dada. Ananipa heshima kubwa kuliko aliyowahi kunipa nikiwa mwanawe.

Kila asubuhi tukiwa mezani ananiuliza, "Dada, una watoto?"

Siku ya kwanza nilitoka nje. Siku ya pili mama alimjibu kwa niaba yangu, akabadilisha mazungumzo. Siku ya tatu nikasema mwenyewe. Nikasema, "Nilikuwa naye mmoja. Alikufa."

Akaweka kikombe chini. Macho yakamjaa. Akasema, "Pole sana, dada. Pole sana. Alikuwa wa kike au wa kiume?" Nikamwambia wa kike. Akauliza alifanana na nani. Nikamwambia kidevu cha baba yake, chako wewe. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Kesho yake amesahau. Ananiuliza upya, nami namwambia upya, na anasikia kama mara ya kwanza. Watu wote walinipa pole siku ya mazishi wakamaliza. Yeye hamalizi. Sikwambii kwamba napona. Kuna siku namwambia nikiwa nimekauka kabisa, na kuna siku siwezi kunyanyuka kwenda mezani. Na yeye anazidi kwenda. Jana hakumjua mama mpaka jioni, alimwogopa, na mama alikwenda kukaa kwenye cherehani bila kushona kitu. Daktari wa hapa anasema itakuwa mbaya zaidi, hakuna dawa ya kurudisha. Tunamsikiliza tunaitikia.

Piyoni majani yamekauka yote. Mama anasema mzizi unaweza kuwa hai chini au umekufa, na nikichimbua kuangalia nitaumaliza. Kwa hiyo hatujui.

Sijui narudi lini. Sikuandikii hivi ili usubiri. Nakuambia tu niko wapi.

Kifungo


19 Oktoba

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma karakana, nikafunga mlango, wateja wakagonga wakaondoka.

Nimekumbuka siku zote tangu mwezi wa pili nikitafuta siku niliyokupa pole. Sikuipata. Nilikununulia dawa, nikakuosha nywele, nikabeba barafu, lakini neno lenyewe sikulitoa kinywani, maana nilihisi nikilisema itakuwa kweli. Mimi mwenyewe nilipewa moja, na mwenye kitalu. Aliniuliza ua ni la nani, nikamwambia. Wengine waliniambia nijikaze.

Pole, mama wa mwanetu.

Umesema nisisubiri, na mama alisema nisije. Nimejaribu. Nyumba haina mtu wa kumtilia sukari nyingi. Nitapanda basi la Ijumaa asubuhi. Siji kukuchukua. Sina dawa ya baba, wala ya mama, wala ya mzizi, na sanduku la vifaa nitaliacha huku. Labda mama ataweza kulala usiku mmoja nikishika mimi ile kamba, na hilo nalo sina hakika kama baba atanikubali.

Ila kuna jambo moja linanitia hofu kuliko yote. Nitakaa pale mezani asubuhi, na baba atanigeukia, ataniuliza kama nina watoto. Nimejaribu kujibu hapa peke yangu, mara kadhaa, sauti haitoki.

Ukae karibu nami.

Mumeo